Jina la Kifaa: Uhakiki wa Maelezo ya Makumbusho, na Mifano ya Kwale

Wahakiki wetu wamezoea kuiona fasihi kuwa ndiyo shamba lao pekee. Hata hivyo, karatasi ndogo ibandikwayo chini ya kifaa au picha katika nyumba ya makumbusho nayo ni maandishi yenye mwandishi, msamiati na msimamo. Makala haya yanashikilia kwamba karatasi hiyo yaweza kuihifadhi kumbukumbu au kuiua.

Ushahidi ulio bora tunaupata kwa majirani wa Kwale, Wagiriama wa Kilifi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, nayo husimikwa kwa ajili ya mwanachama wa chama cha Gohu aliyefariki. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa katika makumbusho ya Illinois State University, na cha pili kikaonekana Hampton University. Kufikia 2007 vyote vilikuwa vimekwisha kurejeshwa Kenya. Je, ni nini kilichovirudisha? Si uzuri wa mchongo. Ni kwamba picha ile ilikuwa na jina la mtu, mahali na mwaka. Lau chini yake pangaliandikwa "mzee na sanamu" tu, wenye kuvidai wangalikosa hoja.

Tukirejea Kwale, hatari si mwizi peke yake. Ni sisi walimu wa Kiswahili pia. Tuchukue chivoti cha Wadigo. Ukiandika "filimbi" hukukosea sana, lakini msomaji ataona kipenga cha refa, ilhali chivoti hupulizwa kwa ubavuni na hutoa nyimbo. Upatsu nao, ugongwao katika ngoma ya sengenya, ukiitwa "sinia la shaba" umekwisha kupelekwa jikoni. Isitoshe, upatsu wa Kidigo unalingana na upatu wa Kiswahili kama vile tsano inavyolingana na tano. Sauti hiyo moja ni ushahidi wa udugu wa lugha hizi. Kuifuta ni kufuta historia.

Huenda ikasemwa kwamba majina ya wenyeji yatamtatiza mgeni. Jibu letu ni kwamba yaandikwe yote mawili, la Kidigo likitangulia.

Hata hivyo, kuandika kuna mipaka. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mgeni huingia amejifunga kaniki, naye huongozwa na wenyeji. Fingo iliyofukiwa kayani haikuwekwa itazamwe. Kwa kitu kama hicho, maelezo mema ni yale yajuayo kunyamaza.

Mwandishi huyu, alipokuwa akisomea shahada ya pili ng'ambo, aliona makabati ya vioo yenye vitu vya Afrika: jina la mnunuzi lilikuwapo, la mchongaji halikuwapo. Kosa hilo tusilirudie nyumbani. Wanafunzi wetu watokao Msambweni na Kinango na waanze na picha zilizomo masandukuni mwa bibi zao. Waulize huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa lini, na kifaa hiki chaitwaje. Nao waandike, maadamu wangali wapo wa kuwajibu.