Kila Tarakimu Mahali Pake

Chukua bei tatu: 9,500, 12,000 na 105,000. Zipange kwenye jedwali zikianzia kushoto, na jicho litaiona 9 juu ya 1, likadanganyika kabla akili haijafika kwenye koma. Zisogeze kulia: mamoja yanakaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, kama tulivyofundishwa kujumlisha tukiwa wadogo. Sasa kubwa inajulikana kwa urefu wake tu. Katika kazi zote za kutengeneza kurasa za wavuti, hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Data hunijia zikiwa XML, hazina rangi wala mistari, zina maana tu. Kinachozivalisha ni XSLT, lugha iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Novemba 1999, mhariri wake akiwa James Clark. Ndani yake unaandika kiolezo: popote penye bidhaa, pawe na mstari wa jedwali. Bidhaa ziwe tatu au elfu tatu, kiolezo ni kilekile.

Jedwali linalotoka humo ni la HTML, na zamani nilijaribu kuiamuru safu yake nzima ielekee kulia kwa kutumia elementi ya col. Haikutii, na sababu yake inapendeza ukishaielewa. Katika HTML, kisanduku ni mtoto wa mstari, si wa safu wima. Kwa hiyo hurithi mwelekeo wa maandishi kutoka kwa mstari wake. Col inaweza kugusa upana, rangi ya nyuma, mipaka na kuonekana kwa safu, basi. Anayeandika jedwali kwa mkono huenda akatia alama kisanduku baada ya kisanduku. Mwenye XSLT anaitia mara moja ndani ya kiolezo, na mistari yote inaipata.

Lakini desimali ndizo zinazompima fundi. HTML 4 iliweka njia ya kupanga namba kwa kufuata nukta yake. Vivinjari vikuu havikuitekeleza, na HTML5 ikaiacha. Tunabaki na format-number ya XSLT, inayoweza kuzipa namba zote desimali mbili, 7.5 ikawa 7.50. Kisha CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, inazisukuma kulia na kuomba tarakimu zenye upana sawa, maana ziko fonti ambazo 1 ni nyembamba kuliko 8, na humo nukta huyumba mstari hadi mstari.

Wewe unayechapisha bei za dawa au alama za wanafunzi, kabla hujachagua rangi ya jedwali lako, peleka namba kulia, na kichwa cha safu kizifuate hukohuko.