Bwana Msa, mizimu na sisi wa Karatu

Vitabu vya Bwana Msa viko saba. Miezi miwili hii nimevisoma upya, na vile viwili vya mwanzo nimevirudia mara mbili, kwa sababu ndivyo vilivyonishika utotoni na ndivyo vinavyonisumbua sasa. Hoja yake ni rahisi: hofu ina mwenyewe. Watu wakiogopa mahali fulani, tafuta ni nani anayefaidika na woga wao.

Muhammed Said Abdulla aliianza kazi hii na *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Kikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976), na mwisho *Kosa la Bwana Msa* (1984). Kwa asiyemfahamu: Bwana Msa ni mpelelezi asiye askari. Anavuta kiko, ana rafiki yake Najum ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa, na kuna Spekta Seif wa polisi. Ndiyo, ni Sherlock Holmes na Watson waliohamia visiwani. Chukua pia herufi za kwanza za majina ya mwandishi uone zinasomekaje.

Sisi tuliosomea Karatu miaka ya tisini tulikuwa mbali na ulimwengu huo kwa kila hali. Nyumbani ni Kiiraqw, shuleni Kiswahili cha ubaoni. Mikarafuu hatujawahi kuiona, bahari ndiyo kabisa. Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka saa nne asubuhi, na wewe umejifunika blanketi unasoma habari za watu waliovaa kanzu nyeupe kwenye joto. Kitabu kilikuwa kimoja, hakina jalada, kimepita mikononi mwa kaka zangu wote kabla ya kunifikia. Maneno tusiyoyajua tuliyaruka, tukakimbilia maiti.

Kitu kimoja lakini tulikielewa bila kufafanuliwa. Kwetu zipo chemchemi ambazo mtoto hakuchezea. Wairaqw tunasema ndani ya maji kuna *neetlaangw*, roho wasiotaka mchezo. Kwa hiyo mtu aliyetuletea kisima kinachoogopwa, halafu akakisogelea na kiko chake mdomoni akiuliza maswali, alikuwa shujaa. Alitupa ruhusa ya kuuliza. Sidhani kama kuna kitabu cha sayansi cha shule ya msingi kilichonipa ruhusa hiyo kwa raha namna ile.

Je, ukubwani vinasomeka? Vinasomeka, tena vizuri kuliko nilivyotegemea. Utotoni sikujua kwamba vinachekesha. Mazungumzo ndiyo injini yake. Bwana Msa anaweza kuketi na shahidi akamuuliza mambo ambayo yanaonekana hayana kichwa wala miguu, Najum anakereka, Spekta Seif anatazama saa, kumbe kila swali lina kazi yake. Kwa mtu anayeishi kwa kuhoji watu, kama mimi, hayo ni mafunzo. Halafu kile Kiswahili! Hakina haraka, kinajua kutania na kutukana kwa adabu. Waandishi wengi wa hadithi za upelelezi waliofuata walimshinda kwa risasi na magari. Kwa mdomo, sijamwona aliyemshinda.

Utu uzima unaonyesha pia jinsi mafumbo yanavyojengwa. Mara nyingi fundo linafunguka kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, na nani alijua akanyamaza. Mtoto anapita hapo akitafuta muuaji. Mtu mzima anaona kwamba chini ya kila maiti kuna ukoo uliojengwa juu ya uongo, na mara nyingi mzigo wa uongo huo ameubeba mwanamke. Abdulla anazijua siri za wanawake hao kuliko anavyowapa nafasi ya kuzisema wenyewe.

Kuna na lingine. Kati ya vitabu saba, sita vilitoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukivisoma huwezi kujua. Watu wenye mashamba wako palepale, watumishi wako palepale, visa vya mirathi na heshima vinaendelea kama kawaida. Wapo wanaoliona hilo kuwa woga. Mimi naona zaidi ni mtu aliyeamua kuuhifadhi ulimwengu aliouelewa, ule ambao fumbo likishafumbuliwa mambo yanatulia.

Ulimwengu huo ulitoka wapi? Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya uandishi wa habari alikuwa bwana afya. Baadaye alihariri magazeti, na tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa *Mkulima*, gazeti la kilimo. Mfikirie basi bwana afya wa enzi zile, anayekwenda nyumba kwa nyumba kukagua visima na vyoo, huku akiambiwa ugonjwa umeletwa na shetani. Nadhani Bwana Msa alizaliwa kwenye mizunguko hiyo. Kwa bwana afya, kisima ni maji safi au maji machafu, basi.

Na hapo ndipo ninaposhikwa. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, Bwana Ali anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na kitabu kizima kinatufundisha kuutazama mzimu ule kama pazia: nyuma yake kuna binadamu mwenye kisu na sababu. Sawa. Muuaji lazima akamatwe. Lakini pazia likishavutwa, mahali penyewe panabaki patupu. Waumini wa pale ni wa kuogopa au wa kuchekwa. Watu wa kale wenyewe, waliolipa kitabu jina, hawapati mpelelezi.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kulipita jambo hilo. Wa Karatu halipiti, kwa sababu sisi watu wa kale ndiyo majirani zetu. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, Mary Leakey aliokota fuvu la *Zinjanthropus* pale Oldupai. Mwaka 1978 kikosi chake kikafukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6. Leo ukitoka kreta kuelekea Serengeti, kwenye njiapanda ya Oldupai unakuta mnara wa mafuvu mawili makubwa, uliozinduliwa 2019, na watalii wamepanga foleni ya kupiga picha. Hao ni watu wa kale wenye kibao.

Wapo wengine. Ndani ya kreta kuna makaburi ya wazee wa Kidatoga, waliokaa humo kabla ya Wamasai kuwaondoa karne ya 19. Wajukuu zao utawakuta Eyasi na kwenye mnada wa Karatu. Wamasai nao wana mitini yao mitakatifu, na wao waliondolewa kwenye sakafu ya kreta katikati ya miaka ya sabini. Tangu Juni 2022 kaya zinahamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki wanapinga. Katika kuripoti jambo hili nimesikia mara nyingi watu wakijibu swali la ardhi kwa kuonyesha kidole: babu yangu amelala pale, ibada yetu tunafanyia chini ya mti ule.

Bwana Msa angemsikiaje mtu huyo? Kwa macho ya bwana afya, angesikia ushirikina. Kwa njia yake mwenyewe, ile ya kuuliza nani anafaidika, angelazimika kuuliza pande zote: nani anafaidika watu wakiuogopa mzimu, na nani anafaidika mzimu ukitangazwa kuwa mahali patupu? Swali la pili Abdulla hakuliuliza. Katika visiwa vyake halikuhitajika kufumbua kesi. Kwetu ndilo kesi yenyewe.

Simwondoi kwenye rafu kwa hilo. Akili iliyoniwezesha kuona pengo kwenye vitabu vyake nimeipata kwenye vitabu hivyohivyo, na bado ningempa mtoto wa darasa la saba *Kisima cha Giningi* kabla ya kumpa kitabu kingine chochote cha upelelezi. Akimaliza, aende cha *Mzimu*. Asome yote kwa mfululizo, acheke na Najum, aruke maneno asiyoyajua kama tulivyoruka sisi.

Ila kwenye rafu hiyo kuna nafasi ya kitabu cha nane, na nadhani kiandikwe huku juu. Mpelelezi awe binti wa Karatu anayeongea Kiiraqw na mama yake na Kiswahili na polisi. Maiti ikutwe chini ya mtini. Amkamate muuaji, maana muuaji ni muuaji. Halafu, kabla ya ukurasa wa mwisho, aketi na wazee awaulize mti ule ni wa nani, na majibu yao yaandikwe kwenye ushahidi pamoja na mengine.