Pole au Samahani?

Barua ilikuja katika bahasha ya kaki. Ilikuwa mwaka 1987, Mombasa, nami nilikuwa kidato cha pili. Mjomba alikuwa ameketi barazani, mkono wa kulia umefungwa bendeji, kwani wiki tatu kabla mashine ya kukatia mabati ilikuwa imemwondoa vidole viwili. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyesifiwa kujua Kiingereza. Nikapewa barua niisome na kuifasiri.

Ilikuwa fupi. Wakuu wa kiwanda walisema kuwa wao ni *sorry* sana kwa yaliyomfika, na kwamba wanamtakia afya njema. Nilipofika kwenye neno hilo nikasita kidogo. Mjomba akaniuliza, "Wanasemaje, mwanangu? Wananipa pole, au wananiomba msamaha?"

Sikujua. Shuleni tulifundishwa kuwa *sorry* ni samahani. Mwanafunzi aliyechelewa alisimama mlangoni akalitamka, akaruhusiwa kuingia. Basi nikajibu bila wasiwasi, "Wanakuomba msamaha, Mjomba." Akanyamaza kitambo, akitazama ile bendeji. Kisha akasema, "Basi nimewasamehe."

Huenda msomaji akaliona hilo ni jambo dogo. Lakini wenzake wawili wa kazini walipokuja kumshauri adai fidia, aliwakatalia. Alisema mtu akishakuomba msamaha nawe ukampa, si uungwana kumkamata tena shati. Miaka kadhaa baadaye, maisha yalipombana, alikwenda kuulizia. Akaambiwa kuwa muda wa kudai umepita, na tena kampuni haikuwahi kukubali kosa lolote. Barua ile ile ikatolewa kwenye faili kuthibitisha hayo: hamkuwa na neno la kukiri. Na kweli halikuwemo. Nililitia mimi.

Tangu siku hiyo nimelifuata neno *sorry* kama mtu anavyomfuata mdeni wake, nipate kujua linakaa wapi. Nimegundua kwamba halina makao mamoja. Mwingereza akikukanyaga mguu atalisema. Akija matangani atalisema pia. Asipokusikia vizuri atalisema kwa kupandisha sauti mwishoni, pale ambapo sisi tungesema "Naam?" au "Unasemaje?" Karani wa benki akikufungia dirisha kabla zamu yako haijafika atalisema, na hapo halina huzuni wala majuto ndani yake, ni mlango unaofungwa taratibu usitoe kishindo. Likitangulia jina la kitu hugeuka kuwa dharau: nyumba iliyo katika hali ya *sorry* ni nyumba iliyochakaa hata inatia aibu. Na mtu akiambiwa anajionea *sorry*, ameambiwa kwamba anajihurumia kupita kiasi, na hiyo si sifa.

Wajuzi wa historia ya Kiingereza wanatueleza kuwa neno hili lilizaliwa katika jeraha. Limetokana na neno la kale lenye maana ya maumivu, lile lile lililozaa *sore*, yaani kidonda au panapouma. Wengi hudhani ni ndugu wa *sorrow*, huzuni. Asili zao ni mbili mbalimbali. Ni kufanana kwa sauti na maana tu kulikoyasogeza karibu. Kwa hiyo hapo mwanzo aliyekuwa *sorry* alikuwa mtu anayeumwa. Baadaye mkosaji naye akaliazima aseme kwamba tendo lake limemuuma moyoni. Hilo halina ubaya. Msamaha usio na maumivu ni maneno matupu. Ubaya ulianza pale neno lilipobaki na maumivu huku tendo likidondoka njiani.

Kiswahili kimegawa kazi hii kwa watu wawili. Pole humtazama aliyepatwa. Humpa pole mtu kwa msiba, kwa homa, kwa safari, kwa kazi, hata kwa jua kali, wala hakuna anayekuuliza umehusikaje. Wazee wa pwani hujibu, "Nimeshapoa," kana kwamba neno lenyewe limewapuliza mahali palipoungua. Samahani humtazama aliyetenda. Ni ombi, na mwenye kuomba huwa amejiweka chini: anayeombwa anaweza kutoa, anaweza kunyima. Kunradhi na niwie radhi ni vivyo hivyo. Jaribu kumkanyaga mtu sokoni Kongowea umwambie "pole" peke yake, uone atakavyokugeukia. "Pole ya nini? Si wewe uliyenikanyaga?" Aliyelelewa vizuri husema yote mawili, na kwa utaratibu wake: samahani kwanza, kwa mguu wangu uliokosea, kisha pole, kwa mguu wako unaouma.

Ndiyo maana Kiingereza cha kwetu kina tabia yake. Mgeni akijikwaa barabarani, watu watatu watamwambia *sorry* kwa pamoja, na yeye atashangaa na kujibu kwamba si kosa lao. Nimeliona hilo mara nyingi, na zamani nilikuwa nikiwacheka watu wetu kwa kutojua lugha. Siwacheki tena. Wao wamelirudisha neno kwenye jeraha lake la asili. Na si sisi pekee. Wenyeji wa asili wa Australia wanapozungumza Kiingereza huita shughuli za matanga *sorry business*. Nao pia wamelisikia neno hili kama pole.

Hata hivyo, utata unaotuchekesha barabarani huwa mzito unapoingia mahakamani. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitunga sheria kwamba maneno ya huruma anayoambiwa aliyeumia katika ajali yasitumiwe kama ushahidi wa kukiri kosa. Mwaka 2006 jimbo la British Columbia nchini Kanada likaenda mbali zaidi. Sheria yake inaweka majuto ya mkosaji na rambirambi za mpita njia katika kapu moja, na kusema kwamba lolote kati ya hayo, hata likiwa limekiri kosa, halimfungi msemaji. Mwaka huo huo England na Wales nazo zikapata sheria iliyosema kuwa kuomba radhi peke yake si kukubali uzembe. Nia yake naielewa, na nina heshima nayo: daktari aweze kumtazama mgonjwa machoni na kuzungumza naye kama binadamu, bila kumwogopa wakili. Lakini sheria hizo zinatuambia jambo jingine pia. Neno limekuwa jepesi kiasi kwamba linaweza kutamkwa lote, hadi herufi ya mwisho, na lisimgharimu mtu kitu.

Wakubwa wa dunia wanalijua hilo, tena wanajua na kinyume chake: kwamba liko neno ambalo likitamkwa litagharimu. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Akasema serikali yake inasikitika kwa dhati. Ikakubaliwa kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika hotuba ile ile akaongeza kwamba serikali inaendelea kukana dhima. Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisema Nairobi kwamba vitendo vile vya ukatili havikuwa na udhuru, akazungumzia huzuni yake kubwa na masikitiko yake makuu. Msamaha hakuomba. Kwa Kiswahili cha barazani kwetu, alikuja kutoa pole, na ilikuwa pole nzito, iliyosemwa kwa adabu. Lakini Mjomba angeuliza swali lake lile lile.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, mahali alipozikwa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Alizungumza Kijerumani, na katika Kijerumani chake aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Mtendaji alitajwa, tendo likatajwa, na waliotendewa wakaachiwa nafasi ya kujibu. Sisemi kwamba deni limelipwa. Kuomba msamaha si kulipa, na muungwana ni vitendo. Nasema tu kwamba aliyesikiliza hakuhitaji mkalimani wa kumwambia kama ile ilikuwa pole au samahani.

Wala nisikionee Kiingereza. Lugha hiyo ina maneno ya kutosha ya kukiri na kuomba, na hata *sorry* yenyewe inaweza kubeba mzigo ikitaka. Nchini Australia watoto wa wenyeji wa asili walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao kwa miongo mingi kwa amri za serikali. Waziri Mkuu John Howard alikubali mwaka 1999 bunge lieleze masikitiko, lakini neno lenyewe hakulitoa. Mrithi wake, Kevin Rudd, alilitamka bungeni Canberra tarehe 13 Februari 2008, tena zaidi ya mara moja, na watu waliokuwa wakilisubiri walilia. Ni neno lile lile la karani wa benki. Kilicholipa uzito ni kwamba lilitamkwa pamoja na kosa na mkosaji. Likitenganishwa na hivyo viwili huelea hewani, na kila msikilizaji hulishusha apendapo, kama nilivyolishusha mimi barazani.

Tena tusijisifu kwamba sisi tumesalimika kwa kuwa na maneno mawili. Siku hizi tangazo la kukatika maji au umeme huishia kwa kutuomba radhi "kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Utajitokeza wenyewe, utoke wapi? Radhi imeombwa, lakini aliyesumbua hayupo. Usumbufu umeota kama uyoga. Na wakubwa wetu wakikosa husema kuna "changamoto zilizotokea." Tumeanza kuitumia samahani yetu kama wengine wanavyoitumia *sorry* yao, na tukiendelea hivyo mgawanyo wetu mzuri utabaki kwenye kamusi tu. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nayo lugha inayomsaidia mtenda kusahau mapema inamwonea mtendwa mara ya pili.

Miaka mingi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kumwendea Mjomba. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, mwalimu wa lugha. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza habari ya barua ile: kwamba neno lina maana nyingi, kwamba lilitokana na jeraha, kwamba vijana wengi wa kidato cha pili wangefasiri vile vile. Nilizungumza muda mrefu. Alinisikiliza huku akimenya chungwa kwa vidole vitatu, ufundi alioupata kwa kukosa budi.

Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mwanangu, yote haya unanipa pole, au unaniomba msamaha?"

Nilikuwa nimezungumza karibu nusu saa na sikuwa nimeomba. Nikamwomba. Akasema amenisamehe, akanikatia kipande cha chungwa. Wale wa kiwandani, aliniambia, wakija nao atawasikiliza. Hawakuja, naye sasa ni marehemu. Mimi bado nafundisha, na mwanafunzi akiniuliza *sorry* maana yake nini kwa Kiswahili, humuuliza kwanza: nani anasema, na amefanya nini?