Gari la Jumamosi

Mwenye gari la zamani Dar es Salaam huulizwa swali lilelile na kila mtu, kuanzia mlinzi wa benki hadi shemeji yake mwenyewe: "Hiyo utauza lini?" Swali lina mantiki. Bandarini meli hazikomi kushusha magari ya Kijapani yaliyotumika, nayo hutoka getini yakiwa na kiyoyozi kinachopoza kweli na sauti ya mwanamke inayomkaribisha dereva kwa Kijapani kila anapowasha. Katika mji wenye neema hiyo, mtu anayeikokota Datsun 240Z ya miaka ya 1970 mpaka kwa mafundi wa Gerezani kila Jumamosi, kisha akarudi jioni na kucha nyeusi na mfuko mwepesi, anaonekana ama tajiri aliyechoka na fedha ama maskini asiyejijua.

Mimi ni mmoja wao, na tajiri si mimi. Lakini sikukaa kuandika ili niitetee Datsun. Ninachotaka kukisifu ni kazi inayofanyika juu yake, kazi ya mikono na masikio ambayo mkweche kama huu bado unaihitaji na gari la kisasa haliihitaji tena.

Ukiliacha soko la Kariakoo mgongoni na kushuka kuelekea Gerezani, harufu hubadilika. Vitunguu na dagaa huishia nyuma, ukaanza moshi wa kuchomelea, oili iliyomwagika mwaka juzi na gundi ya kuzibia mipira. Hapa kila kiungo cha gari kina mwenyewe. Wa rejeta hagusi springi, wa springi hagusi eksozi, na wa umeme akiona unamkabidhi klachi atakutazama kana kwamba umemtukana. Katikati yao wamo wasiokuwa na habari na magari kabisa, wagonga masufuria na wakata mabati ya majiko, nao baadaye utaona kwamba ni watu muhimu.

Injini ya 240Z ina silinda 6 kwenye mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta 2. Ya mbele hulisha silinda 3 za mbele, ya nyuma hulisha 3 zilizobaki. Moja ikivuta hewa zaidi ya mwenzake, hata kidogo, gari litakuaibisha kwenye taa za makutano ya Fire: litatetemeka, litakohoa, na bodaboda watacheka. Zipo geji za kupima jambo hili. Mzee anayelishughulikia gari langu ana kipande cha mpira chenye urefu wa mkono. Ncha moja huiweka sikioni, nyingine huipeleka kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, kisha ya mbele tena. Haangalii injini, macho yake yako chini, kwenye mchanga. Anasikiliza mluzi wa hewa. Anageuza skrubu kidogo, chini ya robo ya mzunguko, anasikiliza tena. Mluzi wa huku ukilingana na wa kule, hutoa mpira sikioni na kumwambia kijana wake azime. Niliwahi kuleta geji iliyonunuliwa kwa fedha nzuri. Tulipima baada yake, na hatukupata cha kurekebisha.

Kijana huyo ni saidia fundi, yaani mwanafunzi, mbeba spana na mnunuzi wa chai kwa wakati mmoja. Mtihani wake wa kwanza ulikuwa kuhifadhi mfuatano wa cheche: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Anausoma kama aya za madrasa. Mtihani wa pili ni mgumu zaidi, nao ni valvu. Injini ikiwa ya moto, nafasi ya valvu ya kuingiza hewa ni milimita 0.25 na ya kutoa moshi 0.30. Mwenye gari husumbuliwa na valvu inayogonga, kwa sababu anaisikia. Mzee husumbuliwa na iliyo kimya. Valvu isiyokuwa na nafasi haifungi sawasawa, haipati kupoa, na siku moja inaungua bila kumwambia mtu. Inayogonga inakudai nusu saa ya kazi. Iliyonyamaza inakudai hedi nzima.

Kisha kuna joto letu. Gari hili lilichorwa Japani, likauzwa kwa wingi Marekani, na sidhani kama waliolichora walifikiria foleni ya Barabara ya Uhuru mwezi wa Februari. Kabureta zimekaa juu ya bomba la moshi, hivyo ukizima injini ya moto petroli huchemka ndani yake, na gari haliwaki mpaka litakapotaka lenyewe. Hapo ndipo alipoingia mgonga masufuria. Mzee alimchorea umbo kwenye boksi la sabuni, naye akakata bamba la alumini, akalikunja kingo, akatoboa matundu, tukalifunga kati ya moto na kabureta. Bamba hilo halina namba ya spea wala boksi lenye nembo. Linafanya kazi.

Spea ni somo lenyewe. Ushuru wa uchakavu humfanya mtu afikirie mara mbili kuingiza gari la zamani, kwa hiyo yaliyopo ni yale yaliyokuwapo, na la kwangu lilitokea Nairobi miaka mingi nyuma likiwa na rangi mbili na sakafu nusu. Ukienda duka kwa duka kuulizia pistoni za 240Z, utaambiwa uagize Japani au Marekani. Lakini fundi mzoefu haulizi hivyo. Anajua kwamba injini hii ni ile ya Datsun 1600 iliyoongezewa silinda 2: kipenyo kilekile cha milimita 83, mwendo uleule wa pistoni wa milimita 73.7. Basi anaulizia ringi za 1600, seti moja na nusu, na mwenye duka anapanda ngazi kwenda kutafuta juu kabisa, kwenye maboksi yaliyobadilika rangi. Ujuzi wa namna hiyo unatokana na kuyafungua magari yote mawili, miaka kwa miaka, na kuona kwamba kumbe ni ndugu.

Ni uhaba uliowafundisha mafundi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara kubwa ilihamia mikononi mwa umma, na kuagiza magari kukawa kazi ya shirika la serikali, SMC. Bei ya mafuta ikapaa mwaka 1973. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakausha fedha za kigeni. Waliokuwa watu wazima enzi hizo wanakumbuka marufuku ya Jumapili: saa 8 mchana ikigonga, gari binafsi halina ruhusa barabarani. Gari lililolazimishwa kulala Jumapili mchana lilikuwa na nafasi nzuri sana ya kufunguliwa. Mpaka serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, fundi hakuwa na duka la kukimbilia. Alikata bushi kwenye tairi kuukuu. Alikereza ekseli upya. Kwa gasketi, alitandika karatasi ngumu juu ya chuma chenyewe, akaipitishia nyundo ndogo kwenye kingo, taratibu, mpaka umbo likajikata. Mzee wangu bado hutengeneza gasketi hivyo, ingawa za dukani zipo, na nikimuuliza kwa nini hunijibu kwamba ya dukani haijawahi kuliona gari langu.

Kuhusu bodi sitasema mengi, kwa sababu inauma. Upepo wa bahari una chumvi, na 240Z ilizaliwa na ugonjwa wa kutu hata huko kusikokuwa na bahari: sakafu, mihimili ya chini, pale betri inapokaa. Fundi mbaya hujaza puti, anapiga msasa na rangi, anakurudishia gari linalong'aa, na masika yakipita kutu inachungulia. Fundi mzuri hukata. Anakata mpaka afike kwenye bati linalolia vizuri likigongwa, halafu anachomelea bati jipya kwa vitone, kimoja huku, kimoja kule, ili moto usilipinde. Tofauti ya bei kati ya hao wawili ni kubwa, na wababaishaji wa aina ya kwanza Dar es Salaam wamejaa. Anayeandika sifa za mafundi asilifiche hilo.

Hayo ya bodi niyaache hapo, maana kuna ugomvi ninaotaka kuuingilia. Ulaya na Marekani wapo wenye magari haya walioshika dini ya "orijino": kila nati iwe ileile iliyotoka nayo kiwandani, hata mkanda wa bomba uwe na mhuri wa kiwanda. Wakiona bamba letu la alumini watalia. Nawaheshimu, lakini dini yao siifuati, na sababu yangu ni Safari Rally.

Mashindano yale ya magari yalianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Kwenye tope na makorongo ya namna hiyo uorijino haukumfikisha mtu. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966 na 1967 wakiwa na Peugeot 404, gari la familia la milango minne. Datsun 1600 ilishinda 1970. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda na 240Z nyingine baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström. Magari hayo yote yalipitia gereji kabla ya kufika mstari wa kuanzia: bamba nene la chuma chini ya injini, springi zilizokazwa na kuinuliwa, taa za ziada mbele. Gari la mashindano la Afrika Mashariki liliondoka kiwandani likiwa nusu. Nusu nyingine ilimaliziwa gereji, na mtu mwenye nyundo.

Kwa hiyo kubadilisha si dhambi kwetu. Swali ni kubadilisha nini, na hapo mzee ana msimamo. Nilipotaka kuondoa pointi na kufunga mfumo wa kielektroniki wa cheche, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hiyo ikifa ukiwa Chalinze utaifanya nini?"

"Nitapiga simu, mzee."

"Pointi unazipiga msasa, unaondoka."

Feni ya umeme aliikubali siku hiyohiyo, kwa sababu ikifa bado unaweza kuendesha usiku. Mikanda ya usalama ya kisasa aliifunga mwenyewe bila kuombwa. Kabureta 3 za mashindano alizikataa: zinakunywa, alisema, na wewe mshahara wako naujua. Kipimo chake ni kimoja, nami nimekichukua kiwe changu: badiliko lolote ambalo fundi wa njiani anaweza kulifungua, kulielewa na kulirudisha ni halali. Lisilofunguka ni la kukaa nalo mbali, hata kama linaongeza kasi.

Sidharau gari la kompyuta. Kijana anayehitimu ufundi magari VETA Chang'ombe atakula kwa magari hayo, na ni lazima ajue kusoma namba ya hitilafu inayotokea kwenye kioo. Lakini namba hutaja sehemu, haisemi kilichoifikisha hapo. Aliyewahi kulinganisha kabureta kwa sikio anajua kwamba chini ya nyaya zote injini bado inataka hewa, mafuta na cheche kwa wakati wake, na akiona namba ataiuliza maswali kabla ya kukuuzia kifaa cha laki nne. Wengi waliobobea hivyo sasa wana mvi, na vijana wao hawapati tena gari la kujifunzia.

Magari yenyewe yapo, na hili ndilo ombi langu kwako msomaji. Yako uani Ilala, Magomeni na Temeke, chini ya mwembe, kuku wamo ndani: Datsun 120Y ya marehemu baba, Peugeot 404 ya mjomba aliyekuwa bwana shamba. Anayenunua chuma chakavu hupita kila wiki na mzani wake, na bei anayotoa kwa kilo unaijua. Kabla hujamfungulia geti, mwite fundi mmoja wa zamani aje afungue boneti, na umwambie aje na kijana wake.