Nahodha wa Rufiji na mto wa California
Disneyland ilipofunguliwa California, Julai 1955, ndani yake palikuwa na mto wa kuchimbwa. Walt Disney alitamani wanyama hai, ila wanyama hulala au kujificha mchana, basi pakawekwa viboko wa mashine wanaoibuka pale pale kila safari. Boti hufuata reli iliyozamishwa majini. Mto huo ulinakiliwa Florida mwaka 1971, Tokyo 1983 na Hong Kong 2005, ambako abiria husimuliwa kwa Kikantoni, Kimandarini au Kiingereza.

Sababu ya kuusafirisha inaeleweka. Kazi ya kubuni ikishalipiwa, kuirudia ng'ambo ni nafuu kuliko kuanza upya, na wateja wa nyumbani wana kikomo. Tokyo, gharama za ujenzi zilibebwa na kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Disney hupokea mrabaha. Naiheshimu kazi hiyo, maana kumshangaza mtoto wa Tokyo kama alivyoshangazwa wa California si jambo dogo.

Lakini ustadi ninaouhusudu uko delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Hapa mto hugawanyika katikati ya mikoko kabla ya kuingia baharini, na mafuriko huhamisha mafungu ya mchanga. Njia ya mwaka jana leo huenda haipitiki.

Mtazame nahodha akiondoka Nyamisati. Kabla ya yote ameshahesabu mwezi, ajue kama ni bamvua au maji mafu. Njiani macho yake yako kwenye mizizi ya mikoko. Tope likiwa bichi na kung'aa, maji yametoka sasa hivi. Likiwa limekauka, yametoka zamani. Penye shaka huzima mashine, na mwenzake aliye omoni hushusha upondo. Kina hakimtoshi, anataka kujua chini kuna nini, na jibu analipata mkononi: mchanga hugonga, tope humeza ncha na kuing'ang'ania. Huyu wa upondo hasemi neno, hunyoosha mkono tu kushoto au kulia, na usukani unageuka. Kiboko wa hapa hana saa. Mapovu yakionekana mbele, boti inazunguka mbali.

Maji haya yaliwahi kushinda majeshi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humu, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli za maji haba, ndipo ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Ujuzi huu haufungwi kwenye kontena ukapelekwa Tokyo. Anayetaka kuuza safari za delta kwa wageni lazima aje kwa mwenye upondo, na ujira wa mtu huyo uwe wa kwanza kwenye hesabu zake. Nawe ukisubiri kivuko cha Mafia pale Nyamisati na una nafasi, mkodi nahodha wa hapo akutembeze, na bei yake umlipe bila kumkata.