Saa 48 na Neno Moja la Kifaransa

Jumapili tarehe 22 Machi 2020, ndege iliyotoka Kinshasa ilitua Lubumbashi, na abiria wawili wakatajwa kuwa wana korona. Gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula Katwe, hakusubiri. Kuanzia Jumatatu, Lubumbashi pamoja na Kasumbalesa mpakani viliwekwa chini ya amri ya watu kukaa nyumbani kwa saa 48 ili abiria wenzao watafutwe. Kwa upande wa tiba, amri ilikuwa na sababu zake. Kwa upande wa redio, iliharibika kwenye neno la kwanza, na neno hilo lilikuwa confinement.

Kila aliyekuwa na redio siku zile analikumbuka. Confinement total. Lilitoka ofisini likaingia studio, likatoka studio likaingia kwenye basi, sokoni na kwenye simu, na njia nzima hiyo hakuna aliyelivua koti lake la Kifaransa. Aliyemaliza sekondari alilielewa. Mama anayeuza makaa Katuba, mchuuzi wa soko la mtaa wa Kenya, kijana wa Ruashi aliyeacha shule darasa la tano, hao waliachiwa kazi ya kubahatisha. Nao ndio ambao maisha yao yote hupitia barabarani, kwa hiyo nao ndio waliohitaji amri hiyo kuliko mtu yeyote.

Uamuzi wa kuliacha neno hilo lilivyo ulikuwa kosa, na unastahili kuchambuliwa kama fundi anavyoichambua mashine iliyokwama.

Amri ya hewani ina mifupa minne: nani anaambiwa, afanye nini, mpaka lini, na nani ameruhusiwa kutoka ndani yake. Confinement ni nomino. Nomino haina mtendaji wala haimwambii mtu afanye jambo. Inataja hali, basi. Mfaransa akiisikia hujaza mifupa iliyobaki kwa mazoea ya lugha yake na ya serikali yake. Msikilizaji wa Lubumbashi hana mazoea hayo, kwa hiyo anabaki na maswali. Je, kwenda kisimani kuteka maji ni kuvunja amri? Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, aende hospitali ya Sendwe au abaki? Unga wa bukari, yaani ugali, hununuliwa siku kwa siku katika nyumba nyingi. Aliyelala bila unga Jumapili afanye nini Jumatatu? Mtoto mwenye siku ya chanjo je? Swali hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote, maana surua ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020.

Sasa tazama jinsi Kiswahili cha mji kinavyoibeba kazi hiyohiyo. Mubakie paka ku nyumba. Maneno manne. Katika neno la kwanza peke yake mna anayeambiwa, yaani ninyi. Mna tendo, yaani kubakia. Na mna irabu ya mwisho inayoonyesha kwamba hii ni amri ya heshima. Paka, ambayo Lubumbashi huitumia pale mwambao wanaposema tu, inafunga mlango wa ubishi. Ukiongeza siku mbili, Jumatatu na Jumanne, kisha ukataja wanaoruhusiwa kutoka, tangazo limekamilika chini ya sekunde 20. Kiswahili ni lugha ya vitenzi. Mtangazaji aliyekitupa kitenzi akashika nomino ya kigeni alitupa kifaa bora alichokuwa nacho mezani.

Wapo watakaotetea kwamba hapakuwa na tafsiri. Zilikuwapo tatu au nne, na kila moja ilitaka kupimwa. Karantini ni ya mgonjwa au anayeshukiwa, si ya mji mzima. Zuio la kutoka nje ni la Dar es Salaam. Linaeleweka kwa aliyelisoma, lakini linasikika kama barua ya ofisi. Kufungwa ndilo jibu la haraka zaidi kinywani, na ndilo la hatari zaidi. Kufungwa ni jela. Mji ukifungwa, ni mlango. Mtu akifungwa, ni polisi.

Na hapa zile saa 48 zenyewe zinaongeza uzito. Msikilizaji wa vipindi vya haki anaijua namba hiyo kwa njia nyingine kabisa. Kifungu cha 18 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema mtu akikamatwa hawezi kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Ni namba ambayo kila kipindi cha haki kinapaswa kuirudia hadi msikilizaji aliyeshikwa aweze kumtajia afisa bila kusitasita. Serikali ya mkoa ikaja na saa 48 nyingine, juu ya neno ambalo tafsiri yake ya haraka ni kufungwa. Mtu wa redio aliyezoea sikio la mji angeuona mgongano huo mara moja, angesema siku mbili, angeiacha namba ya Katiba ibaki na kazi yake.

Kifungu hichohicho cha 18 kinadai aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Katiba inampa haki hiyo mshukiwa aliye mahabusu. Mwananchi aliyekaa kwake bila kosa alistahili haki isiyopungua hiyo.

Confinement halikuja peke yake. Lilikuja na gestes barrières, yaani hatua za kujikinga na maambukizi, na kwa Katanga huo ulikuwa uchaguzi mbaya maradufu. Barrière, kwa anayesafiri kati ya Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa, ni mti au kamba iliyokatiza barabara, na hapo unatoa pesa. Huwezi kumwomba mtu apende jambo ambalo umelipa jina la mahali anapopoteza mkate wake. Kunawa mikono, kinyume chake, kulisemwa kwa vitenzi na kwa maneno ya nyumbani, maji na sabuni, na kukaeleweka.

Makosa haya yana mizizi ya zamani, na mizizi yenyewe ni dharau. Kwa miaka mingi Kiswahili cha Lubumbashi kimeitwa kibovu, kimechekwa darasani, kimeachiwa vichekesho na soko, huku habari na afya zikipewa ama Kifaransa ama kile kinachoitwa Kiswahili bora. Historia haikubali dharau hiyo. Kiswahili cha mji huu kilikua pamoja na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na pamoja na mji wenyewe, ulioanza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Wakoloni wa Kibelgiji walikipendelea kwa sababu zao, mojawapo ikiwa kuzuia ushawishi wa Waingereza wa Rhodesia Kaskazini, lakini wafanyakazi waliotoka Kasai, Luapula na kwingineko ndio waliokipa mwili. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji kama walivyoiona watumishi wa nyumba za Wazungu. Lugha iliyoweza kubeba historia ya mji mzima haiwezi kushindwa kusema watu wakae nyumbani.

Wala somo halikuwa limefichwa. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu 2,287 kabla ya kuisha Juni 2020, shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya ujumbe mjini Goma mwaka 2019. Lilikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilikuwa vinawapita watu wengi, na kwamba walihitaji maelezo kwa Kiswahili cha Kongo, kile wanachosema wao kwa wao. Uchunguzi huo ulikuwepo miezi kadhaa kabla ya Machi 2020.

Aliyefanya kazi hii ya kusema na mji kwa lugha yake vizuri kuliko wote alikuwa jukwaani Lubumbashi miaka mingi kabla ya korona. Kyembe Kaswili, ambaye mji mzima ulimjua kama Mufwankolo, pamoja na kundi lake la maigizo, walizungumza na mji kupitia redio na televisheni kwa Kiswahili cha mji, juu ya ndoa, pesa, ulevi, kazi na madaraka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao mwaka 1986, na kitabu chake Power and Performance, kilichotoka mwaka 1990, kinaonyesha namna walivyofanya kazi. Walianza na msemo mmoja tu, kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakuukimbilia. Walikaa, wakabishana maana yake, kila mmoja akaleta alivyousikia kwao, wakapanga matukio bila kuandika maneno, wakafanya mazoezi, na ndipo wakaupeleka mbele ya watu katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, kamera ikiwepo.

Linganisha. Kundi la waigizaji liliupa msemo mmoja siku nyingi za mabishano kabla ya kuufungulia kipaza sauti. Neno lililoshikilia mienendo ya mji mzima kwa siku mbili halikupata kikao cha namna hiyo. Sababu ya haraka haitoshi: mezani pa Mufwankolo, dakika kumi zingetosha kuuliza mama wa Katuba atasikia nini.

Redio za jamii zina nafasi ya kuwa meza hiyo, na baadhi, kama Radio Communautaire du Katanga ya Likasi, zimekuwa karibu na watu wao kwa miaka. Tatizo ni kwamba redio nyingi za aina hii nchini Kongo zinaishi kwa matangazo ya kulipiwa. Maandishi huja tayari kutoka kwa mfadhili au wizara, yameshapigwa muhuri, na mtangazaji anakuwa msomaji. Mwenye pesa anapaswa kulipia pia saa ya kikao cha lugha, kwa jina hilo kwenye bajeti, sawa na anavyolipia dakika za hewani.

Kosa lilelile linaendelea katika haki za migodi. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliyorekebisha Kanuni za Madini inaitaka kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na itie saini makubaliano yanayoorodhesha itakachowajengea wakazi. Hewani makubaliano hayo yanaitwa cahier des charges, na kwa watu wengi yanaishia hapo, kama jina la karatasi ya ofisini. Ahadi ya kampuni kwa kijiji ingeeleweka, na mzee wa kijiji angejua cha kudai. Sheria yenyewe iko upande wake: kifungu cha 142 cha Katiba kinaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Kifungu hicho kinahusu sheria, hakimbani gavana na tangazo lake, lakini kinaonyesha waandishi wa Katiba walijua kwamba amri isiyoeleweka haijamfikia mtu.

Lugha nne, hata hivyo, ni kisanduku kidogo mno kwa Haut-Katanga. Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai ndizo zilizotajwa katika kifungu cha 1 cha Katiba. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, ilizifuata hizo pamoja na Kifaransa, na imefanya kazi ya kuheshimika. Lakini Kisanga, Kilamba, Kibemba na Kilunda hazimo. Kipindupindu kinapozuka Kasenga na Pweto, kando ya Luapula na ziwa Mweru, mgonjwa ni bibi kizee anayesema Kibemba na wajukuu wake, na hata neno kipindupindu ni la vitabuni kwake; yeye anasema kolera. Redio ya jamii ya pale ikimsomea tangazo la Lubumbashi, limemfikia kama Kifaransa kilivyomfikia mama wa Katuba.

Jirani amelitatua jambo hili zamani. Shirika la utangazaji la Zambia, ZNBC, lina idhaa inayotangaza kwa lugha saba za nchi hiyo: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Tatu kati ya hizo, yaani Kibemba, Kikaonde na Kilunda, zina wasemaji upande wa Kongo vilevile. Zambia ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza wa korona tarehe 18 Machi 2020, siku nne kabla ya ile Jumapili ya Lubumbashi. Bibi wa Kasumbalesa aliyetaka kuelezwa ugonjwa huo kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake alikuwa na idhaa hiyo upande wa pili wa mpaka, wakati upande wake ulikuwa unampa confinement.