Mtani Hakimbii Msiba

Tuliosomeshwa uhakiki wa fasihi tulifundishwa kwamba kuna wahusika bapa, ambao huanza na kumaliza wakiwa vile vile, na wahusika duara, ambao hubadilika kadiri visa vinavyowapitia. Mhusika wa vichekesho aghalabu huwekwa katika kundi la kwanza, na si kwa kumdharau. Marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, tulimpenda kwa sababu tulijua tutamkuta Majuto yule yule. Mchekeshaji akigeuka ghafla, mtazamaji huona ameibiwa.

Ndiyo maana mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao The Big Bang Theory unastahili kuzungumzwa. Ulioneshwa na kituo cha CBS kuanzia Septemba 2007 hadi Mei 2019, vipindi 279. Unahusu marafiki wanne wa Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena: Sheldon na Leonard, wanafizikia, Raj, mtaalamu wa nyota, na Howard, mhandisi. Jirani yao ni Penny, mhudumu wa mgahawa anayetamani kuwa mwigizaji. Milinganyo iliyoandikwa ubaoni ilikaguliwa na mwanafizikia wa kweli, David Saltzberg. Lakini asiyejua fizikia naye hucheka, maana kinachochekesha ni tabia.

Vichekesho vya miaka ya mwanzo ni vya kuchekana. Sheldon ana pahali pake kwenye kochi, na ole wake atakayepakalia. Raj hawezi kuzungumza na mwanamke mpaka anywe pombe. Howard husimangwa kwa kuwa peke yake hana shahada ya uzamivu, na Penny kwa kutojua sayansi. Mtu anachekwa kwa upungufu wake. Kicheko cha namna hiyo hakina deni: ukishacheka, unaondoka.

Sisi tunao utaratibu mwingine, nao ni utani. Hapa Saza dhahabu imekusanya watu wa makabila mengi tangu enzi za Mwingereza, kwa hiyo hauhitaji maelezo marefu. Mzaramo atamsema Mnyamwezi mpaka mgeni adhani ni ugomvi. Lakini msiba ukitokea, mtani ndiye hufika akaiga mwendo wa marehemu, akadai fedha, akawachekesha waliokuwa wakilia, na kazi za maziko akazishika. Haki ya kunena ovyo ameinunua kwa wajibu huo.

Kwa maoni yangu, mchezo huu ulikomaa pale wahusika walipoacha kuchekana wakaanza kutaniana. Mama yake Howard alikuwa sauti tu, akifoka kutoka chumba cha pili bila kuonekana. Mwigizaji wake, Carol Ann Susi, alifariki Novemba 2014, na Februari 2015 mama huyo naye akafa katika mchezo. Sheldon, aliyemdharau Howard miaka yote, anamwambia kwamba yeye alipofiwa na baba hakuwa na marafiki wa kumsaidia, Howard anao. Hayo ni maneno ya mtani aliyefika matangani.

Itazame pia ile hodi ya Sheldon. Kwa miaka mingi tulicheka namna anavyogonga mara tatu, akiita jina la Penny kila mara. Mwaka 2016 tukaambiwa sababu: akiwa na miaka 13 alifungua mlango akamkuta baba yake na mwanamke mwingine, tangu hapo hugonga zaidi ili walio ndani wapate kuvaa. Kichekesho hakikuondolewa. Kiliongezewa uzito, nasi tukaendelea kucheka kwa uangalifu zaidi. Huko ndiko kukua kwa mhusika ninakokusifu: haachi kuwa yeye, bali anafahamika zaidi.

Waandishi hawakufaulu kila mara. Katika msimu wa mwisho Penny anatamka waziwazi kwamba hataki watoto. Kipindi cha kumalizia kinamwonesha mjamzito na mwenye furaha, bila sisi kuoneshwa njia aliyopita. Kubadilika si kukua. Mtu hukua kwa hatua, na hatua zake zisipoonekana, tumepewa uamuzi wa mwandishi badala ya maisha ya mhusika.

Sheldon walimtendea haki. Anapopokea Tuzo ya Nobel pamoja na mkewe Amy, anaiweka kando hotuba yake ndefu, anawaomba radhi marafiki zake, na kuwataka wasimame mmoja mmoja. Mtu ambaye siku zote alijiona anatosha peke yake anatangaza deni lake hadharani.

Msomaji, leo simu zetu zimejaa picha za watu wanaoanguka, wanaogugumia, wanaokosea Kiingereza. Tunacheka na kumrushia mwenzetu. Je, yupo hata mmoja kati ya hao tunaowacheka ambaye siku ya msiba wake tutakwenda kushika jembe?